Usiichume gusberi, iokote

Nyanya yangu alikuwa na amri moja kuhusu gusberi: marufuku kuchuma, ruhusa kuokota. Tulipopitisha ng'ombe kando ya shamba la pareto, tulikuta vichaka vyake vimejiotea kwenye ua wa kayaba, matunda yananing'inia kama kandili ndogo za karatasi. Mkono uliwasha kutaka kuvuta. Aliyevuta alijulikana jioni, maana alikuwa amejikunja na tumbo. Miaka mingi baadaye nilipoamua kuipanda mwenyewe kwa ajili ya soko, niligundua kwamba amri ile ni nusu ya kilimo chenyewe. Nusu nyingine nimeilipia kwa makosa yangu, na ndiyo nakuandikia hapa.

Ni gusberi gani hii?

Tuelewane jina kwanza, kwa sababu pakiti za mbegu zimewapotosha wengi. Ipo gusberi ya Uingereza, kichaka cha miiba chenye vitunda vya kijani vyenye michirizi. Hiyo hudai majira ya baridi kali kila mwaka ndipo izae vizuri, kwa hiyo iache huko huko. Ninayozungumzia ni ile ya rangi ya dhahabu iliyojifunga ndani ya kifuko kikavu. Wakikuyu huiita nathi, Waganda ntuntunu, Wanyarwanda intumbaswa. Madukani Ulaya huuzwa kwa jina la fizalis. Asili yake ni milima ya Andes, upande wa Peru, Ekuado na Kolombia. Ilifika Afrika Kusini zamani, na mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa tayari inalimwa Rasi ya Tumaini Jema. Ndiyo maana Waingereza wakaibandika jina la Rasi, ingawa haikuzaliwa hapo.

Ukoo wake ni wa nyanya (ya kupika, si mzaa mama), viazi, biringanya, pilipili na mnavu. Likumbuke hilo. Karibu kila ugonjwa utakaoukuta shambani umetoka kwa ndugu hao.

Mahali pa kupanda

Hupenda ubaridi wa milimani. Kuanzia mita 1,500 hadi 2,500 juu ya usawa wa bahari inastawi bila kubembelezwa: Nyandarua, Limuru, Kericho, na kwa majirani zetu Lushoto, Njombe, Kigezi na milima ya Kivu. Kwenye joto la pwani majani yanaweza kuota, lakini matunda huwa haba na madogo. Ndugu zangu wa Mombasa na Tanga, nyinyi mna mbirimbi; hii tuachieni sisi wa sweta.

Lakini baridi nayo ina mpaka wake. Jalidi, ile baridi ya alfajiri inayogandisha umande juu ya nyasi, huiua. Kama shamba lako liko bondeni, panda sehemu ya juu ya mteremko, kwani hewa baridi hutelemka na kutuama chini kama maji.

Udongo usituamishe maji. Mfinyanzi mzito huozesha mizizi mvua zikikolea. Udongo mwekundu wa milimani unaopitisha maji ni mzuri, hata ukiwa na uchachu kidogo. Jambo ambalo halina mjadala ni hili: usipande mahali palipotoka viazi au nyanya msimu uliopita. Tanguliza mahindi, maharagwe au kitunguu, halafu ndipo gusberi.

Mbegu na kitalu

Huna haja ya duka. Nunua sokoni matunda kumi yaliyoiva barabara, makubwa, yasiyo na doa. Tunda moja lina mbegu zaidi ya mia, kwa hiyo kumi ni nyingi kupita mahitaji yako, lakini ukichanganya matunda ya mashina mbalimbali unapunguza hatari ya kurithi shina bovu.

Yaponde kwenye bakuli, ongeza maji kikombe kimoja, funika, acha siku mbili. Ule utelezi unaozizunguka mbegu utachacha na kuachia. Mimina kwenye chujio la chai, suuza chini ya maji huku ukisugua kwa kidole, kisha tandaza juu ya sahani kivulini. Usitandaze kwenye gazeti: zikishakauka zinang'ang'ania karatasi, na utajikuta unapanda habari za siasa pamoja na mbegu.

Kwenye kitalu, changanya udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Mbegu ni ndogo mno kushikika, basi zichanganye na mchanga mkavu uweze kuzinyunyiza sawasawa kwenye vijifereji. Zifunike kwa udongo mwembamba, kama nusu sentimita, na juu yake nyasi kavu. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, asubuhi. Huchipuka kati ya siku 10 na 20. Kwetu kwenye baridi huwa ni zaidi kidogo, kwa hiyo usikate tamaa ukafukua. Mara tu vichwa vikionekana, ondoa nyasi, la sivyo miche hurefuka na kupauka ikitafuta mwanga.

Ikifika majani mawili ya kweli, punguza ili kila mche ubaki na sentimita tano za kupumua. Adui wa wakati huu ni sota, yule mdudu mnene wa kijivu anayekata shina usiku usawa wa ardhi na kuuacha mche umelala kama umepigwa panga. Mimi hukata vikombe vya karatasi nikavivika miche kama kola. Ni kazi ya kitoto, watoto wanaipenda, na inafanya kazi.

Baada ya wiki sita hadi nane mche una sentimita 15 hadi 20, na uko tayari. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe kivuli uanze kuzoea jua.

Kuhamishia shambani

Lenga mwanzo wa mvua za masika. Chimba shimo la futi moja kwa futi moja. Kati ya shina na shina acha mita moja na nusu, kati ya mstari na mstari mita mbili. Utaona kama nafasi inapotea, lakini subiri miezi mitatu. Kwa vipimo hivyo, robo eka inachukua mashina kama 330.

Kila shimo lipate gorogoro moja (mkebe wa kilo mbili) ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ikichanganywa na udongo wa juu. Basi. Hapo ndipo nilipoharibu msimu wangu wa kwanza wote. Nilikuwa na banda la kuku, mbolea tele, na moyo wa kutaka kuonyesha. Nikarudia kuweka mbolea ya kuku kila mwezi. Mashina yakapanda hadi kifuani, majani mapana kama ya maboga, rangi ya kijani inayokaribia weusi. Watu walisimama njiani kusifia. Mwezi wa sita tangu kupanda nikahesabu matunda: shina zima lina tisa.

Mzee wa jirani aliingia shambani akazunguka bila kusema kitu. Mwishowe akaniuliza, "Mwanangu, unalima matunda au mboga?"

Mmea huu ukishiba naitrojeni hujenga mwili na kusahau kuzaa. Uzoefu wangu tangu hapo ni samadi wakati wa kupanda, kisha majivu ya jikoni konzi mbili kwa shina yanapoanza maua, na mbolea nyingine kidogo tu kama majani yanapauka waziwazi.

Kusimika na kupogoa

Ukiuacha ulivyo, mmea hujitandaza chini, matunda yanagusa udongo, na panya wanafurahi. Simika nguzo kila mita nne au tano kwenye mstari, vuta waya mmoja usawa wa goti na mwingine usawa wa kifua, kisha funga matawi kwa kamba ya mkonge. Acha nafasi ya kidole kati ya kamba na tawi. Tawi hunenepa, na kamba iliyobana hulikata polepole bila wewe kujua.

Shina kuu hupanda kidogo kisha hugawanyika panda. Machipukizi yote yanayotokea chini ya panda hiyo yaondoe kwa vidole yakiwa machanga. Juu yake bakiza matawi manne hadi sita yaliyotawanyika vizuri. Baadaye kata yaliyokauka na yanayoingia katikati, ili upepo upite. Maua ni ya manjano yenye madoa matano meusi ya zambarau ndani, na hujichavusha yenyewe. Nyuki wakija ni nyongeza njema, hivyo usipulize dawa asubuhi wakati wamejaa.

Maji yawe ya kadiri na yasiyoruka ruka. Ukiliacha shamba likauke kabisa halafu ukalifurikisha, matunda hupasuka ndani ya vifuko vyake, na hutajua mpaka uvifungue. Matandazo ya nyasi kavu chini ya mashina husaidia sana hapa, tena yatakufaa siku ya kuokota, utaona kwa nini.

Wadudu na magonjwa

Nzi weupe na vidukari huja kiangazi, chini ya majani. Maji ya sabuni yakipulizwa jioni, mara mbili kwa wiki, huwapunguza kabla hawajazidi. Utitiri mwekundu hupenda vumbi na ukavu. Mashina yaliyo kando ya barabara ndiyo huanza kuugua. Funza wa matunda hutoboa kifuko na kuingia, na kifuko chenye tundu hakina tena cha kuokoa, lishe kuku.

Kinachonitia hofu zaidi ni bakajani, ugonjwa unaounguza majani, wakati wa ukungu mrefu wa Julai, na mnyauko bakteria. Bakajani unaweza kuukabili kwa kuachanisha matawi, kuondoa majani yaliyoungua na, ikibidi, dawa ya ukungu inayotumika kwenye nyanya, ukifuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Mnyauko hauna dawa. Shina linanyauka mchana kweupe likiwa bado kijani. Ling'oe na mizizi yake, lichome, na mahali hapo usirudishe mmea wa ukoo huu kwa miaka kadhaa.

Kuokota

Tangu ua lichavushwe hadi tunda liive ni kama miezi miwili na nusu, na tangu kuhamisha miche hadi tunda la kwanza ni miezi minne au mitano. Nyanda za baridi zaidi huchelewa. Kifuko huanza kijani kibichi, laini kama jani. Kisha hupauka, huwa cha manjano, mwishowe rangi ya majani makavu, chepesi, kinachochakarika ukikigusa. Hapo tunda hujiachia lenyewe na kuanguka.

Tunda bichi si la kuliwa. Likiwa kijani lina sumu ya aina ile ile inayopatikana kwenye viazi vilivyogeuka kijani, na majani na shina ni hivyo hivyo. Waambie watoto mapema. Mbuzi nao wafungiwe mbali.

Asubuhi ya kuokota ninaenda umande ukishakauka, saa nne hivi. Mashina nayatikisa kidogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, si kama anayetikisa mwembe. Yaliyo tayari yanadondoka juu ya matandazo, tap, tap, na kifuko kinayalinda yasichubuke. Nafungua moja kati ya kila konzi kuhakikisha: tunda la rangi ya chungwa, linateleza kidogo kwa gundi, lina harufu kati ya nanasi na nyanya iliyoiva sana. Kama bado lina ukijani karibu na kikonyo, nimewahi. Shamba langu hulipitia mara mbili kwa wiki, na shina lililotunzwa hunipa kilo mbili hadi tatu kwa msimu. Miaka miwili mashina huzaa vizuri. Baada ya hapo matunda hupungua ukubwa, nami hung'oa na kuanza upya mahali pengine.

Usioshe wala usimenye mpaka siku ya kutumia. Yakiwa ndani ya vifuko vyake vikavu, yamepangwa kina cha kiganja kwenye kreti mahali penye hewa, hukaa mwezi na zaidi. Yakishamenywa, siku chache tu yanaanza kulegea. Kama vifuko vimelowa mvua, vianike kivulini kwanza, maana ukungu huanzia hapo. Broka akija akikuambia umenye ili "apunguze mzigo", jua kwamba mzigo wa kuoza amekuachia wewe. Mimi nilimenya kreti nne, naye hakurudi mpaka Jumatatu.

Jamu

Hapa ndipo kreti zile nne zilipoishia.

Utahitaji gusberi zilizomenywa kilo 1, sukari gramu 750, maji nusu kikombe na maji ya ndimu moja kubwa. Tunda lenyewe lina pektini, ile inayogandisha jamu, ya kutosha, kwa hiyo unga wa kugandishia usinunue.

Osha matunda kwa maji ya vuguvugu huku ukiyasugua kwa viganja, mpaka ile gundi ya juu itoke. Ukiiacha, jamu inabaki na uchungu wa mbali. Yatie kwenye sufuria pana, nzito, pamoja na maji. Funika, pika moto mdogo dakika 15. Utayasikia yakipasuka moja moja. Ponda kwa mwiko, lakini bakiza machache mazima.

Tia sukari na ndimu, koroga moto ukiwa mdogo hadi chembe zote ziyeyuke. Kisha ongeza moto mpaka yachemke kwa nguvu. Kuanzia hapa usiondoke jikoni, hata simu ikilia. Nilipokea simu mara moja tu, na sufuria ile hadi leo ina ramani nyeusi chini.

Vitabu vingi husema jamu ni tayari ikifika nyuzi 105. Hiyo ni kwa aliye usawa wa bahari. Huku juu, kwenye mita 2,400, maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na ukingoja 105 utapata peremende. Tumia kisahani. Kiweke kwenye friji, au nje usiku kama ni Kinangop, mpaka kiwe baridi kabisa. Baada ya dakika kama kumi za kuchemka kwa nguvu, angalia povu: mapovu madogo ya haraka yamegeuka makubwa, mazito, yanayopasuka kivivu. Dondosha kijiko cha jamu kwenye kisahani, subiri nusu dakika, kisha isukume kwa kidole. Ikijikunja juu kama ngozi ya maziwa, epua. Ikitiririka, rudisha moto dakika mbili ujaribu tena, na kila unapojaribu iepue kwanza, maana inaendelea kuiva wakati wewe unatazama kisahani.

Chupa na vifuniko ziwe zimechemshwa dakika 20, kwa sababu ile ile ya maji yetu ya milimani kuchemka na joto pungufu. Jaza jamu ikiwa moto, funga papo hapo, na mpaka zipoe usizisogeze. Kilo moja ya matunda hunipa chupa tatu za gramu 450 hivi. Zisizofunguliwa hukaa kabatini miezi. Iliyofunguliwa iingie friji.

Mapishi mengine

Kachumbari ya nyama choma: badala ya nyanya, gusberi zilizokatwa vipande viwili viwili, kitunguu chembamba kilichooshwa kwa chumvi, dania, pilipili mbichi, chumvi. Ndimu acha, uchachu upo tayari. Ikae dakika kumi tu, zaidi ya hapo inatoa maji.

Kwa samaki wa kukaanga, kaanga kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, tia vikombe viwili vya gusberi na bizari nyembamba kidogo, funika mpaka zipasuke. Inashika nafasi ya ukwaju bila shida. Watu wa Kisumu niliowapikia walininunia mwanzoni, kisha wakaongeza ugali.

Kukausha nako ni rahisi ukiwa na jua la Januari: choma kila tunda kwa ncha ya uma ili mvuke upate njia, tandaza kwenye wavu safi, funika kwa chandarua dhidi ya nzi, na uingize ndani kila jioni. Baada ya siku kadhaa hunywea kama zabibu kavu, na huchachuka zaidi. Nzuri kwenye uji wa wimbi na kwenye unga wa mandazi.

Na ile sufuria ya jamu usiikimbize kwenye beseni. Mimina vikombe viwili vya maji, tupia tangawizi iliyopondwa, rudisha motoni ukikwangua kuta kwa mwiko mpaka maji yageuke rangi ya chungwa. Chuja kwenye kikombe. Hicho ni cha mpishi, kinywewe kabla watoto hawajarudi kutoka shule.